Pasipoti ya Tanzania: Sawazisha Majina Kwanza, Kisha Omba

Mtanzania anayeitaka pasipoti kwa mara ya kwanza huanza kuuliza fomu inapatikana wapi na ada ni kiasi gani, ilhali maswali hayo mawili ndiyo mepesi kuliko yote. Fomu iko kwenye tovuti ya Idara ya Uhamiaji. Ada ya pasipoti ya kawaida ya kielektroniki, ile iliyozinduliwa tarehe 31 Januari 2018, ni shilingi 150,000, na hulipwa kwa mafungu mawili: 20,000 kwa ajili ya fomu na 130,000 kwa ajili ya kijitabu chenyewe. Pasipoti hiyo hudumu miaka 10. Thibitisha kiasi cha ada siku unayojaza fomu, kwa kuwa ada za Serikali hubadilika.

Swali zito, ambalo wengi hulikuta wakiwa tayari dirishani, ni hili: je, cheti chako cha kuzaliwa, namba yako ya NIDA, yaani Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, vyeti vyako vya shule na karatasi za wazazi wako vinamtaja mtu mmoja, kwa jina lilelile na tarehe ileile? Maombi mengi yanayokwama hukwama kwa sababu ya herufi moja. Cheti kinasema Shabani, kitambulisho kinasema Shaban. Ubatizo umeandikwa Elizabeth, cheti cha darasa la saba kimeandikwa Elizabeti. Baba ni Yusufu kwenye cheti cha mtoto, lakini kwenye cheti chake mwenyewe ni Yusuph. Mtaani tofauti hizo hazina maana yoyote, kwani kila mtu anajua anayesemwa ni nani. Afisa aliyepewa kazi ya kuthibitisha uraia hana mtaa wa kumuuliza. Ana karatasi tu. Kwa hiyo mwongozo huu utakaa sana kwenye karatasi zinazotangulia pasipoti, na utapita haraka penye mambo ambayo tovuti yenyewe inaeleza vizuri.

Weka karatasi zote mezani kabla ya kufungua fomu

Chukua cheti chako cha kuzaliwa, kitambulisho chako cha taifa au namba yake, cheti cha kuzaliwa cha mzazi mmoja au cha wote wawili, cheti cha ndoa kama jina lako lilibadilika ulipoolewa, na vyeti vyako vya shule. Visome kimoja baada ya kingine, ukiandika pembeni jina la kwanza, la kati na la ukoo kama yalivyoandikwa, herufi kwa herufi, pamoja na tarehe na mahali pa kuzaliwa. Kazi hii ni ya muda mfupi na huokoa miezi.

Cheti cha kuzaliwa ndicho msingi. Kwa Tanzania Bara hutolewa na RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, kupitia ofisi za wilaya. Kwa Zanzibar hutolewa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. Mtu mzima ambaye hakusajiliwa utotoni bado anaweza kusajiliwa, ila itabidi alete ushahidi wa zamani: tangazo la kizazi kutoka hospitali alikozaliwa kama lilihifadhiwa, kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, cheti cha kumaliza elimu ya msingi, na vitambulisho vya wazazi. Katika kukusanya ushahidi huo, karatasi iliyoandikwa zamani ina uzito kuliko iliyoandikwa juzi. Kiapo cha mjomba kilichoandaliwa wiki iliyopita husaidia, lakini hakiwezi kulingana na rejista ya shule ya mwaka uliposajiliwa darasa la kwanza.

Wenye vyeti vya zamani vilivyoandikwa kwa mkono, hasa ambavyo wino umefifia au mihuri haisomeki, wafanye uhakiki RITA kabla ya kwenda Uhamiaji. Uhakiki huombwa kwa mtandao, na jibu lake huonyesha kama cheti hicho kimo katika kumbukumbu. Ni afadhali kujua mapema kwamba cheti ulichokitunza kabatini miaka yote hakikuingizwa kamwe kwenye rejista, kuliko kuambiwa hivyo wakati tiketi imekwisha kukatwa.

Baada ya cheti, tazama namba ya NIDA. Namba hiyo ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku yako ya kuzaliwa. Maana yake ni kwamba tarehe ikikosewa wakati wa usajili, kosa hilo huingia ndani ya namba yenyewe, ambayo umekwisha kuitumia kusajili laini ya simu, kufungua akaunti ya benki na pengine kuombea mkopo wa elimu ya juu. Hapa ndipo subira inapotakiwa. Herufi iliyokosewa kwenye jina hurekebishwa kwa kupeleka cheti cha kuzaliwa kwenye ofisi ya NIDA ya wilaya na kujaza fomu ya marekebisho. Tarehe iliyokosewa itahitaji maelezo marefu zaidi na ushahidi zaidi, kwa hiyo mwenye tatizo hilo alianze mapema sana, hata kama safari bado ni wazo tu.

Ikiwa majina yametofautiana kiasi cha kuonekana kama watu wawili, zipo hati za aina mbili, na watu huzichanganya. Hati ya kiapo huandaliwa mbele ya wakili au kamishna wa viapo, nayo hueleza kwamba majina mawili yanayoonekana kwenye karatasi tofauti ni ya mtu mmoja. Hati ya kubadili jina ni jambo kubwa zaidi: mtu anatangaza kisheria kwamba ameacha jina moja na kuchukua jingine, na hati hiyo husajiliwa kwa Msajili wa Hati. Ikiwa hukubadili jina bali karani alikosea herufi, usikimbilie kubadili jina. Rekebisha kosa pale lilipotokea. Nimeona watu wakirundika viapo juu ya viapo hadi faili likawa na majina manne ya mtu mmoja, na kila kiapo kipya kikaongeza swali badala ya kulijibu.

Wanawake waliofunga ndoa wapate neno hapa. Hakuna sheria ya Tanzania inayomlazimisha mke kuchukua jina la mume. Anayetaka kulichukua ana haki hiyo, lakini alichukue kotekote: NIDA, benki, kazini na kwenye pasipoti, akiwa na cheti cha ndoa mkononi. Anayebaki na jina la baba yake abaki nalo kotekote. Linalosumbua ni la katikati, yaani pasipoti yenye jina la mume, tiketi yenye jina la baba na shahada ya chuo yenye majina mengine.

Kwa nini wanauliza cheti cha mzazi

Waombaji wengi hukereka wanapodaiwa karatasi za mzazi, hasa mzazi akiwa marehemu au mzee aliyezaliwa kijijini bila cheti. Dai hilo lina sababu. Pasipoti hutolewa kwa raia, na uraia wa Tanzania husimamiwa na Sheria ya Uraia ya mwaka 1995; kuzaliwa Mwanza au Tanga peke yake hakumridhishi afisa, naye atataka kuona kwamba angalau mzazi mmoja ni Mtanzania. Kwa hiyo cheti cha mzazi ni kiungo cha uraia wako, na pasipo cheti huletwa hati ya kiapo kuhusu kuzaliwa kwa mzazi huyo, ikiambatana na chochote kinachoweza kuiunga mkono: kitambulisho chake cha taifa, kadi ya mpiga kura, cheti cha kifo, hata karatasi za zamani za kazi.

Ambaye mzazi wake aliandikishwa kuwa raia kwa maombi alete cheti cha uraia cha mzazi. Wanaotoka mikoa ya mpakani kama Kigoma, Kagera au Mara, na wenye majina yanayopatikana pia upande wa pili wa mpaka, wajiandae kwa maswali zaidi: babu alitoka wapi, kijiji gani, shule ipi. Mtu anaweza kuliona jambo hilo kuwa la kuudhi, na mara nyingine linaudhi kweli, lakini kujibu kwa hasira hakujafungua faili la mtu yeyote. Jibu kwa ufupi, taja majina ya vijiji na ya viongozi wa eneo, na kama unayo barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa, au kwa sheha kama uko Zanzibar, iweke pamoja na maombi.

Jambo la uraia wa nchi mbili lisifichwe. Sheria ya sasa hairuhusu mtu mzima kuwa raia wa Tanzania na wa nchi nyingine kwa wakati mmoja. Mtoto aliyezaliwa nje kwa mzazi Mtanzania anaweza kuwa na uraia wa pande zote mbili akiwa mdogo, lakini akifikisha miaka 18 hutakiwa kuchagua. Wazazi walioko Maskati, London au Minnesota wanaoombea watoto pasipoti ubalozini wafahamu pia kwamba uraia wa kurithi hupita kwa kizazi cha kwanza kilichozaliwa nje. Mzazi ambaye yeye mwenyewe ni raia kwa kurithi tu, yaani naye alizaliwa nje, asidhani kwamba mwanawe ataupata moja kwa moja.

Kujaza fomu, kulipa na kufika ofisini

Fomu hujazwa kwenye tovuti ya Uhamiaji. Asiye na kompyuta huenda steshenari, na hapo ningependa kutoa tahadhari moja: kijana wa steshenari anajua kuchapa haraka, lakini hajui jina la bibi yako linaandikwaje. Kaa karibu naye, soma kila mstari kwenye skrini kabla hajabofya kitufe cha kutuma, na hakikisha nenosiri na namba ya maombi unaondoka nazo wewe. Barua pepe na namba ya simu zinazoandikwa kwenye fomu ziwe zako. Wapo waliojaziwa barua pepe ya steshenari, na taarifa za maombi yao zikaishia huko.

Mfumo hutoa namba ya malipo, ambayo wengi huiita kontroli namba, nawe hulipa kwa benki au kwa simu. Fedha zote za Serikali hulipwa kwa namba hiyo. Mtu akikuambia umtumie hela kwenye namba yake binafsi ili mambo yaende haraka, huyo ni kishoka, awe amevaa shati la namna gani. Hifadhi risiti, chapa fomu, iwekee sahihi katika nafasi iliyotengwa bila kugusa mistari, na ambatisha barua ya maombi, nakala za vyeti na ushahidi wa safari au wa shughuli yako.

Ushahidi huo hutegemea sababu ya safari. Mwanafunzi hupeleka barua ya kukubaliwa chuoni; mfanyabiashara, leseni ya biashara na namba ya mlipakodi; mwajiriwa, barua ya mwajiri; anayekwenda kutibiwa, barua ya hospitali; anayekwenda Hija, barua ya taasisi inayompeleka. Eleza sababu ya kweli. Anayesema anakwenda kutembea, ilhali ameahidiwa kazi za ndani Muscat au Riyadh na mtu asiyemfahamu, anajinyima mwenyewe nafasi ya kuulizwa maswali ambayo yangemlinda.

Picha ipigwe kwa wapiga picha wanaojua masharti ya pasipoti: nyuma pawe na rangi ya buluu hafifu, uso uonekane wote, macho wazi, bila kofia wala miwani ya giza. Wanaovaa hijabu huvaa, mradi uso kuanzia kidevu hadi paji uwe wazi.

Siku ya kupeleka maombi, nenda na nakala halisi za vyeti vyote, hata kama umekwisha kupakia vivuli vyake mtandaoni. Mkazi wa Dar es Salaam aliyezoea kwenda ofisi ya Uhamiaji ya Kurasini na mkazi wa Songea anayekwenda ofisi ya mkoa watafanyiwa mambo yaleyale: karatasi hukaguliwa, mwombaji huulizwa maswali, alama za vidole na picha huchukuliwa. Mafundi ujenzi, wavuvi na wakulima wa jembe, ambao ngozi ya vidole imesagika, wapake mafuta ya mikono siku kadhaa kabla; mashine husoma vizuri zaidi. Wazee vidole vyao husomwa kwa shida pia, na afisa anajua la kufanya.

Muda wa kusubiri hutegemea faili lako lilivyo safi na wingi wa waombaji. Msimu wa Hija na miezi ya wanafunzi kwenda vyuo vya nje foleni huwa ndefu. Ushauri wangu ni kwamba usikate tiketi isiyorudishiwa fedha kabla pasipoti haijafika mkononi, na wala usiombe viza kwa tarehe uliyoibahatisha.

Watoto

Kila mtoto huhitaji pasipoti yake mwenyewe. Mtindo wa zamani wa kuandikwa ndani ya pasipoti ya mama umekwisha. Mzazi au mlezi wa kisheria ndiye anayetia sahihi, na ridhaa ya wazazi huangaliwa. Mtoto anayesafiri na mzazi mmoja, au na shangazi, achukuliwe barua ya ridhaa ya mzazi asiyesafiri iliyothibitishwa na wakili, pamoja na nakala ya cheti cha kuzaliwa. Hata kama nchi mnayokwenda haiidai kwa maandishi, afisa wa uwanja wa ndege anaweza kuiuliza kwa sababu ya usafirishaji haramu wa watoto, na ana haki ya kuuliza.

Ikishatoka, isome hapohapo

Usiondoke dirishani kabla ya kusoma ukurasa wa maelezo. Linganisha majina, tarehe, jinsia na mahali pa kuzaliwa na karatasi ulizopeleka. Kisha tazama chini ya ukurasa, penye mistari miwili ya herufi kubwa na alama zinazofanana na mshale. Mistari hiyo, kila mmoja wenye nafasi 44, ndiyo inayosomwa na mashine popote duniani kwa mujibu wa viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga. Ndani yake, baada ya kifupi cha nchi TZA, jina la ukoo hutangulia, na majina mengine hufuata. Namba ya pasipoti, tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya kuisha muda vyote vimo katika mstari wa pili, vikifuatwa na tarakimu za ukaguzi zinazoiwezesha mashine kugundua kama kuna kilichobadilishwa.

Mpangilio huo ndio uufuate unapokata tiketi. Kampuni za ndege huuliza jina la ukoo na majina mengine. Andika kama yalivyo kwenye mistari ile, wala si kama unavyoitwa ofisini. Mwenye majina matatu aweke jina la kati pamoja na la kwanza. Fomu ya viza ijazwe hivyohivyo, na bima ya safari pia.

Weka sahihi penye nafasi ya sahihi. Usibane karatasi kwa pini, usikunje, usiruhusu wakala wa mabasi aandike namba ya kiti kwenye jalada. Ndani ya kijitabu mna chipu, na pasipoti iliyofuliwa ndani ya suruali au kung'atwa pembeni na mtoto inaweza kukataliwa mpakani hata kama muda wake haujaisha.

Muda uliobaki na kurasa zilizobaki

Tarehe ya kuisha iliyoandikwa kwenye pasipoti kwa vitendo huja mapema kuliko inavyoonekana, kwa sababu nchi nyingi hudai muda wa ziada. Falme za Kiarabu na Saudia hutaka pasipoti iwe na angalau miezi 6 mbele siku unapoingia. Nchi za Ulaya zilizo katika eneo la Schengen hutaka iwe na miezi 3 zaidi ya siku unayopanga kuondoka kwao, iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, na iwe na kurasa 2 tupu. Kwa hiyo pasipoti inayoisha Septemba haikufai kwa safari ya Dubai ya mwezi Mei, ingawa kwa macho bado ni nzima. Kanuni rahisi ni kuanza kuomba mpya mwaka mmoja kabla, hasa ukiwa mfanyabiashara wa Kariakoo unayekwenda Guangzhou kila baada ya miezi michache, kwani kurasa zako zitaisha kabla ya miaka.

Unapopata mpya usitupe ya zamani ikiwa ina viza ambayo haijaisha. Viza ya Marekani, kwa mfano, huendelea kutumika ukisafiri na pasipoti zote mbili, ya zamani na mpya, mradi viza yenyewe haijaharibika wala kufutwa.

Wanaoomba viza ya Schengen wakumbuke bima ya matibabu yenye thamani isiyopungua yuro 30,000, na ada ya viza ambayo tangu Juni 2024 ni yuro 90 kwa mtu mzima. Ada hairudishwi ombi likikataliwa. Ndiyo maana narudia habari ya majina: taarifa ya benki yenye jina moja na pasipoti yenye jina jingine ni sababu tosha ya afisa wa viza kusita.

Kadi ya homa ya manjano

Kitabu kidogo cha njano huhesabiwa kama hati ya safari, na husahaulika kuliko zote. Chanjo huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo kuchanja siku moja kabla ya safari hakusaidii. Tangu tarehe 11 Julai 2016 chanjo moja hutambuliwa kwa maisha yote, hata kwa kadi za zamani zilizoandikwa miaka 10. Anayekuambia lazima urudie kwa sababu kadi imezeeka amepitwa na mabadiliko hayo.

Angalia pia njia unayopitia, si mwisho wa safari peke yake. Nchi nyingi huidai kadi kwa msafiri aliyekaa zaidi ya saa 12 katika uwanja wa ndege wa nchi yenye ugonjwa huo, na Kenya, Uganda na Ethiopia zimo, ambazo ndizo njia za kawaida za ndege zetu. Jina kwenye kadi lilingane na pasipoti. Nenda kituoni ukiwa na pasipoti, na muuguzi anakili kutoka humo. Kadi za kununua bila kuchanjwa zipo mjini. Licha ya kuwa ni kosa, hazimkingi mtu na mbu.

Safari za jirani

Kenya, Uganda na Rwanda ziliafikiana kuanzia mwaka 2014 kuwaruhusu raia wao kuvuka kwa kitambulisho cha taifa. Tanzania haimo katika utaratibu huo, kwa hiyo Mtanzania anayevuka Namanga, Sirari, Mutukula au Rusumo asitegemee kadi ya NIDA. Asiye na pasipoti anaweza kuomba Hati ya Dharura ya Safari katika ofisi ya Uhamiaji, nayo hutosha kwa msiba wa Mombasa au biashara ya Kampala. Haimfai anayekwenda mbali, kwa sababu balozi nyingi huhitaji pasipoti kamili ili kutoa viza. Hakikisha hati yoyote unayotumia imegongwa muhuri kutoka na kuingia. Kupita kwa njia ya panya kwa sababu foleni ni ndefu kutakugharimu siku ya kurudi, pale utakapoulizwa uliingiaje.

Ikipotea, au ikishikwa na mtu mwingine

Kabla ya kusafiri, piga picha ukurasa wa maelezo, ukurasa wa viza na kadi ya chanjo, uzitume kwenye barua pepe yako na kwa ndugu mmoja unayemwamini. Pasipoti ikipotea nchini, toa taarifa polisi upate hati ya upotevu, kisha uende Uhamiaji. Utaulizwa maelezo ya jinsi ilivyopotea, na gharama ya kupata nyingine haitakuwa ile ya mara ya kwanza. Ikipotea nje, toa taarifa polisi wa huko, kisha nenda ubalozi wa Tanzania na nakala zako, na ubalozi unaweza kukupa hati ya dharura ya kukurudisha nyumbani. Ukiipata baadaye uliyokwisha kuitangaza kuwa imepotea, usiitumie. Namba yake imekwisha kuingizwa kwenye orodha, na mashine ya mpakani haitaki kujua kwamba ilikuwa nyuma ya kabati.

Wanaokwenda kufanya kazi katika nchi za Ghuba wana jambo lao. Pasipoti ni mali ya Serikali ya Tanzania, na mwenye kukabidhiwa kuitunza ni wewe. Mwajiri hana haki ya kuifungia kabatini kwake. Katari imelipiga marufuku jambo hilo katika sheria yake ya mwaka 2015, na Omani nayo hairuhusu mwajiri kuizuia bila ridhaa ya mfanyakazi, ingawa majumbani bado hutokea sana. Mwajiri akiihitaji kwa ajili ya kibali cha ukaazi, mpe, omba aandike kwamba ameipokea na atairudisha lini, na umjulishe ndugu yako siku hiyohiyo. Kabla ya kuondoka Tanzania andika namba ya pasipoti, namba ya simu ya ubalozi wetu wa nchi unayokwenda na anuani ya nyumba utakayofanyia kazi kwenye karatasi moja. Nakala moja ikae nyumbani kwa mama, nyingine ishonewe ndani ya mkoba, mahali ambapo hata simu ikichukuliwa itabaki.